MWALIMU ALIYEPANDA MLIMA KENYA

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosinzia kipindi cha jiografia kikifika. Kontua nilikuwa naziona kama uzi uliovurugwa na paka. Siku moja mwalimu wetu alitandaza ramani ya Mlima Kenya, nikasoma: Bonde la Mackinder. Nikajiuliza, huyu naye ni nani? Nikakimbilia maktaba.

Halford John Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 mjini Gainsborough, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Katika Chuo Kikuu cha Oxford alisoma sayansi, kisha historia. Siku hizo jiografia ilikuwa ni kukariri tu majina ya mito na miji kama kasuku. Yeye hakukubali. Mwaka 1887 aliwaeleza wataalamu jijini London kwamba somo hili ni daraja kati ya sayansi ya dunia na maisha ya watu. Mwaka huo huo Oxford ikampa kazi ya kulifundisha.

Lakini wapi! Mhadhara wake wa kwanza ulihudhuriwa na watu watatu tu, na wawili kati yao walikuwa akina mama waliokuja na kazi yao ya kufuma. Hakufa moyo. Alizoea kupanda garimoshi mji hadi mji kuwafundisha watu wa kawaida. Mwaka 1899 Oxford ikafungua shule ya jiografia, naye akawa mkuu wake.

Hata hivyo, wanajiografia wa wakati ule walimheshimu zaidi mtu aliyekwenda mbali. Basi mwaka huo huo Mackinder akaja kwetu. Reli ilikuwa imefika Nairobi miezi michache tu kabla. Kutoka hapo alifunga safari na watu wapatao 170, wengi wao wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Nchi ilikuwa na njaa kali, chakula kikawaishia. Tarehe 13 Septemba 1899 alifika kilele cha Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikawaza. Baadhi ya wapagazi hawakurudi makwao, walikufa safarini. Mwalimu ana bonde lenye jina lake. Je, waliombebea mizigo wana nini? Na mlima wenyewe ulikuwa na wenyewe, waliouita Kirinyaga kabla hajazaliwa.

Mackinder alifariki tarehe 6 Machi 1947. Namheshimu kwa kutufundisha kuuliza kwa nini watu wanaishi pale wanapoishi. Na kwa kuwa jiografia ni habari za watu pia, swali langu la wapagazi nadhani ni la jiografia vilevile.

Siku hizi sisinzii tena. Wenzangu, mkiitazama ramani, msiishie kwenye majina yaliyoandikwa. Waulizieni na wale ambao hawakuandikwa.