Mwenye heri Isidore Bakanja, shahidi asiyelipa kisasi

Katika jubile hii tunawakumbuka wazee wengi walioleta Injili katika pande zetu. Inafaa tumkumbuke pia kijana mmoja wa Équateur, ambaye hakuwa padri wala bruda. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri huko Roma, tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wa Afrika wakiwa wamekusanyika kwa Sinodi yao. Katika siku zile zile, jirani yetu Rwanda, watu walikuwa wakiuawa kwa maelfu tangu tarehe 7, na sisi wa mashariki ya Kongo tunajua chuki ile ilifika wapi baadaye. Kwa hiyo maisha ya Bakanja yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Lakini mara nyingi yanahadithiwa kwa ufupi mno, kana kwamba alipigwa, akanyamaza, akafa. Sivyo ilivyokuwa.

Isidore Bakanja alizaliwa yapata mwaka 1885, katika kabila la Wamongo. Ndio mwaka ambao Kongo iliwekwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ikawa kama shamba la mtu mmoja. Mpira wa msituni ulidaiwa kwa watu, na fimbo ndiyo iliyoudai. Bakanja angali kijana alikwenda Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo, akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Huko alikutana na wamisionari Watrapisti, akafundishwa katekisimu, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Mwezi wa Novemba mwaka ule alipewa kipaimara, na mwaka 1907 alipokea komunio ya kwanza. Alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vitambaa viwili vidogo vya kamba, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Mkristu wa nyakati zile alitambulikana kwa skapulari yake na kwa rozari yake.

Baadaye aliajiriwa kuwa boyi wa mzungu mmoja wa kompani iliyoitwa Société Anonyme Belge, akamfuata mpaka kwenye shamba la Ikili. Mkubwa wa Ikili alikuwa Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange. Mtu huyu, pamoja na wengi wa kompani ile, aliwachukia wamisionari, sababu waliyapinga mateso ya wenyeji. Kila mtu wa dini waliita kwa dharau mon père. Bakanja alikuwa akiwafundisha wenzake wa kazi kusali. Longange alimkataza, akiogopa kwamba kijiji kizima kitasali na hakuna atakayefanya kazi. Bakanja aliomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Tuliangalie neno hili vizuri: hakuyatafuta mateso. Alipoona hatari alitaka kuondoka kwa amani, na mlango ukafungwa.

Kisha aliamriwa kuitupa skapulari. Kazi za bwana wake alizifanya zote, lakini amri hii hakuitii. Alipigwa mara ya kwanza. Mara ya pili, mwanzoni mwa mwaka 1909, Longange aliwaka hasira, akaing'oa skapulari shingoni mwake na kumwangusha chini. Mbele ya sheria Kongo haikuwa tena mali ya Leopold, maana Ubelgiji ulikuwa umeichukua tangu Novemba 1908. Lakini habari za karatasi zilikuwa hazijafika Ikili. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, yenye misumari. Tunaona uchungu kuandika kwamba mikono iliyomshika, na ule uliompiga, ilikuwa ya watumishi wenzake walioamriwa. Waliokuwapo walihesabu mapigo zaidi ya mia, kisha wakapoteza hesabu. Bakanja aliomba huruma, hakuipata. Alitupwa miguu ikiwa na minyororo katika nyumba ya kutengenezea mpira.

Siku zikapita, na habari ikaja kwamba mkaguzi wa kompani, jina lake Dörpinghaus, yuko njiani. Longange aliamuru Bakanja aondolewe apelekwe kijiji kingine, ili mgongo ule usionekane. Lakini hakuweza kutembea. Alianguka njiani, akajificha msituni. Hapo angeweza kufa kimya, na jambo lote lingezikwa pamoja naye. Badala yake alijikokota mpaka akatokea mbele ya mkaguzi, vidonda vimeoza, nzi wamemfunika. Dörpinghaus alishtuka, na baadaye aliyaandika aliyoyaona. Longange alijaribu kumwua Bakanja palepale, mkaguzi akamzuia kwa nguvu zake, kisha akamchukua mgonjwa kwenye makao yake mwenyewe.

Hapa ndipo tungependa msomaji akae kidogo. Katika jamaa zetu, na hata katika vikao vya kanisa, tumewasikia watu wakimwambia mjane aliyenyang'anywa shamba kwamba kusamehe ni kunyamaza. Bakanja hakufundisha hivyo. Kwa mtu mmoja aliyemhurumia alituma habari kwa watu watatu: kwa mama yake, kwa mwamuzi, na kwa padri, kwamba anakufa kwa sababu ni mkristu. Mama apate kulia mwana wake akijua sababu. Padri apate kuombea. Na mwamuzi je? Mwamuzi anatafuta kosa ni la nani. Na Bakanja hakumficha huyo. Aliuweka ukweli mahali pake, kisha hakudai damu.

Mwezi wa Julai mapadri wawili walifika, wakakaa naye siku kadhaa, wakampa sakramenti za mwisho. Walimsihi amsamehe aliyemtesa. Kumbe alikuwa amekwisha kusamehe. Aliwajibu kwamba hana chuki naye, tena atamwombea sana akifika mbinguni. Wala tusifikiri kwamba maneno hayo yalikuwa mepesi. Aliyatamka akiwa amelala na vidonda vilevile kwa miezi mingi, na kila kugeuka kulimkumbusha jina la Longange.

Alikufa katika mwezi wa Agosti 1909, umri wake ukiwa kama miaka ishirini na minne, rozari mkononi na skapulari shingoni. Mwaka 1917 mabaki yake yalihamishwa yakapelekwa misioni ya Bokote.