Harvey Cushing

Harvey Williams Cushing (Cleveland, Ohio, 8 Aprili 1869 – New Haven, Connecticut, 7 Oktoba 1939) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Marekani, anayehesabiwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa upasuaji wa ubongo kama tawi la pekee la tiba. Ndiye aliyebuni jina meninjioma kwa uvimbe unaoota kwenye tando zinazofunika ubongo. Wengi wanamfahamu zaidi kwa ugonjwa wa Cushing, unaotokana na tezi ya pituitari, alioueleza mwaka 1932.

Maisha ya awali

Alizaliwa mtoto wa mwisho kati ya kumi katika familia ya madaktari: baba yake na babu yake walikuwa na kazi hiyohiyo. Alisoma chuo cha Yale hadi mwaka 1891, kisha akahitimu udaktari Harvard mwaka 1895.

Akiwa bado mwanafunzi alipewa kazi ya kumlaza mgonjwa kwa etha, na mgonjwa huyo akafa mezani. Siku hizo dawa ya usingizi ilitolewa kwa kukisia tu. Cushing nusura aache masomo. Badala yake, yeye na mwenzake Ernest Amory Codman walianza kuandika kwenye chati mapigo ya moyo na upumuaji wa mgonjwa muda wote wa upasuaji. Chati za aina hiyo zipo hadi leo katika kila chumba cha upasuaji.

Mwaka 1896 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akawa msaidizi wa William Halsted, mpasuaji aliyefanya kazi taratibu na kuzuia kila tone la damu. Mwaka 1900 alisafiri Ulaya, akafanya kazi kwa Theodor Kocher huko Bern, Uswisi. Kutoka Pavia, Italia, alirudi na kifaa cha kupimia shinikizo la damu na kukitangaza kwao. Mwaka 1902 alimwoa Katharine Crowell, wakapata watoto watano.

Uvimbe ulio kando ya mfereji wa damu

Ili kuelewa kazi yake kubwa, msomaji akumbuke jinsi ubongo ulivyofunikwa. Utando wa nje ni mgumu, na kati ya tabaka zake mna mifereji inayokusanya damu ya vena kutoka ubongoni ili irudi moyoni. Mfereji mkubwa wa utosini hupita katikati ya kichwa, kuanzia upande wa kipaji cha uso hadi kisogoni. Katika michoro ya vitabu vya shule huonekana kama mstari mdogo wa buluu. Kwa mpasuaji ndio mahali pa hatari kuliko pengi.

Meninjioma nyingi si saratani. Hukua polepole, pengine kwa miaka mingi, na kwa kawaida huusukuma ubongo badala ya kuupenya. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupona kabisa uvimbe ukitolewa wote pamoja na utando ulipoota. Lakini ukiwa umeota kwenye ukuta wa mfereji, mpasuaji hubanwa pande zote. Akiutoboa mfereji, damu hububujika. Akiufunga sehemu ya katikati au ya nyuma, damu hukosa njia, ubongo huvimba, na mgonjwa anaweza kupooza au kufa. Akiacha mabaki ukutani, uvimbe unaweza kuchipua tena kama mti uliokatwa ukaachiwa kisiki.

Kuutambua nako kulikuwa kazi. Eksirei ya wakati huo ilionyesha mfupa tu, si ubongo. Cushing alitegemea kumhoji na kumpima mgonjwa. Sehemu ya ubongo inayoongoza mguu ipo juu kabisa, karibu na mstari wa katikati. Hivyo kifafa kinachoanzia mguuni, mguu unaodhoofika, na mfupa wa fuvu ulionenepa utosini vilimwelekeza kwenye mfereji huo.

Jenerali Wood

Mgonjwa wake aliyejulikana zaidi alikuwa Leonard Wood, daktari aliyegeuka mwanajeshi, ambaye alikuwa amejigonga kichwa nchini Cuba mwaka 1898. Baadaye alipatwa na kifafa na udhaifu wa mguu wa kushoto. Mwaka 1910 Cushing alimpasua kwa awamu mbili, akisimama kwanza kwa sababu ya damu na kuendelea siku chache baadaye, akautoa uvimbe. Wood alipona, akawa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Marekani mwaka huohuo. Mwaka 1920 aligombea kuteuliwa na chama cha Republican kuwania urais, akashindwa na Warren Harding, kisha akawa gavana mkuu wa Ufilipino.

Uvimbe ulirudi. Kufikia mwaka 1927 upande wa kushoto wa mwili ulikuwa umedhoofika sana, na Wood akamfuata Cushing mjini Boston, alikokuwa amehamia mwaka 1912 kuongoza upasuaji katika hospitali ya Peter Bent Brigham. Safari hii Cushing alikuwa na zana ambazo hakuwa nazo mwanzo: vibanio vidogo vya fedha vya kufunga mishipa, alivyovieleza mwaka 1911, na mashine ya umeme ya kukata na kuzuia damu, aliyoanza kuitumia mwaka 1926 pamoja na mwanafizikia William Bovie. Hazikutosha. Wood alifariki tarehe 7 Agosti 1927, saa chache baada ya upasuaji. Cushing aliumia sana. Hata hivyo hakukificha kisa hicho, bali alikihesabu katika kumbukumbu zake kama vingine vyote.

Naam, tabia hiyo ya kuandika hata kushindwa ndiyo iliyompa uzito. Jina meninjioma alilitoa katika mhadhara wa mwaka 1922. Mwaka 1938, pamoja na daktari Louise Eisenhardt, alitoa kitabu kikubwa kilichofuatilia wagonjwa zaidi ya 300 wa uvimbe huo. Humo uvimbe wa kando ya mfereji wa utosini uligawanywa kwa kufuata theluthi tatu za mfereji, ya mbele, ya kati na ya nyuma, mgawanyo ambao wapasuaji wanautumia mpaka sasa. Theluthi ya mbele mara nyingi inaweza kufungwa bila madhara makubwa. Nyingine hazina ruhusa hiyo. Siku hizi, panapokuwa na hatari, wapasuaji wengi huacha kipande kilichoshika mfereji, hukifuatilia kwa picha za MRI, na kikikua hukipiga mionzi.

Tabia na miaka ya mwisho

Alikuwa mkali kwa wasaidizi na mpole kwa wagonjwa. Alihasimiana kwa miaka mingi na Walter Dandy, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alihudumu Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, na wasifu alioandika wa daktari William Osler ulipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Mwaka 1932 alistaafu Boston, akarudi Yale, ambako aliacha vitabu vyake na hifadhi ya sampuli za ubongo za wagonjwa wake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 70. Mwili wake ulipochunguzwa, ilikutwa kivimbe kidogo ndani ya ubongo wake.