Mwana Kupona: Mgonjwa aliyeita wino na karatasi

 

Ndugu zetu katika imani, leo tunayaangalia maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke Mwislamu aliyezaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wetu tunamfahamu kwa utenzi wake. Wachache tunakumbuka kwamba aliutunga akiwa mgonjwa.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, ambaye kwa miaka mingi alipambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia, akamwachia mkewe ujane na watoto. Mwaka 1858 Mwana Kupona naye alikuwa kitandani. Mwanzoni mwa utenzi anaeleza kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, na muda wote huo hakuweza kumwambia binti yake, Mwana Hashima, neno la maana.

Hapa tunapaswa kuzingatia. Maumivu yanayokaa muda mrefu hayaishii kwenye kiungo kinachouma. Huondoa usingizi, hufunga ulimi na huingiza hofu ya kesho moyoni. Madaktari huyaita sugu maumivu yanayozidi miezi 3, na wanatufahamisha kuwa wenye maumivu hayo hupatwa na sonona na wasiwasi kuliko watu wengine. Nayo sonona huyazidisha maumivu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika zamani kuwa mwili ukiugua nafsi huumia, na nafsi ikiugua mwili hudhoofika.

Mwana Kupona alifanya nini? Alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Hakuyaficha maradhi yake. Aliyataja kwanza, kisha akausia. Katika beti zaidi ya 100 alimfundisha mwanawe dini, adabu, ukweli na maisha ya ndoa, akamalizia kwa kumwomba Mola wake. Alifariki, na wosia wake umebaki.

Hapa Nzuguni tunao wagonjwa wa namna hii. Yupo mzee aliyebeba magunia hadi mgongo ukamshinda, na yupo mama ambaye magoti hayamruhusu kusujudu. Tunawapelekea uji na dawa ya maumivu, lakini ni nadra kuwauliza kama wanalala, au kama bado wanaona raha ya kuishi. Akilia, tunamwambia imani yake ni dhaifu. Akinyamaza, tunasema ana majini. Akitaka kumwona daktari wa akili, tunamtania kuwa anakwenda Mirembe, kana kwamba kutibiwa katika hospitali hiyo ni aibu.

Hayo si mafundisho ya dini yetu. Mtume (SAW) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na aliwaamrisha waja kutafuta tiba. Nabii Yaakub (AS) macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, na hakupungukiwa na utume. Asiyeweza kuswali kwa kusimama ameruhusiwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Dini iliyouhurumia mgongo haiwezi kuukemea moyo.

Basi tuwakalie karibu wagonjwa wetu, tuwasikilize bila kuwahukumu. Daktari anayetibu mgongo aelezwe pia habari za usingizi na huzuni, ili tiba zote mbili ziende pamoja na dua. Na mgonjwa akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona, awaponye wagonjwa wetu miili na nyoyo, na atujaalie kuwa faraja kwao. Amin.