William Tuke na mlango uliofungwa: Soma kabla hujampeleka ndugu yako kituoni

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu mzima anayeugua ugonjwa wa akili, huenda umewahi kuwaza kumtafutia makazi atakakotunzwa. Nguvu za kuuguza zinakwisha, majirani wanalalamika, na wewe mwenyewe umri unakwenda. Kuwaza hivyo si dhambi. Lakini utajuaje kama huko atatunzwa au atafichwa? Leo nakusimulia maisha ya mfanyabiashara mmoja ambaye hakuwa daktari, lakini alilijibu swali hili vizuri kuliko madaktari wengi wa zama zake.

William Tuke alizaliwa mwaka 1732 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Akiwa kijana mdogo alijifunza kazi katika duka la jamaa yake, Mary Tuke, na mama huyo alipofariki mwaka 1752 akalirithi. Aliuza chai na kahawa. Alikuwa muumini wa Marafiki, dhehebu ambalo wengine huliita Wakweka na ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Walikuwa watu wasiopenda makuu, walioamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila binadamu.

Imani hiyo ilikuwa ngeni katika tiba ya wakati ule. Mtu akiugua akili alihesabiwa kuwa amepoteza utu. Alifungwa minyororo, alichapwa, alitolewa damu na kupewa dawa za kumharisha. Hata Mfalme George wa Tatu alipougua mwaka 1788 alivalishwa koti la kumfunga mikono. Kama mfalme alifanyiwa hivyo, mtu wa kawaida angefanyiwa nini?

Mwaka 1790 mjane mmoja kutoka Leeds, Hannah Mills, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya York. Naye alikuwa wa Marafiki. Ndugu zake waliishi mbali, wakawaomba waumini wenzake wa York wamtembelee. Walipofika walikataliwa kuingia, kwa maelezo kwamba mgonjwa hakuwa katika hali ya kuonwa. Baada ya wiki chache Hannah alifariki. Hakuna mtu wake aliyejua yaliyompata mle ndani.

Tuke alikuwa anakaribia miaka 60, umri ambao wengi hufikiria kupumzika. Mwaka 1792 alipeleka pendekezo kwenye mkutano wa Marafiki kwamba wajenge nyumba yao wenyewe ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Wapo waliopinga kwa kuona hakuna haja. Aliendelea kushawishi na kuchangisha fedha hadi nyumba ikafunguliwa mwaka 1796, nje kidogo ya York, ikiwa na nafasi ya wagonjwa wapatao 30. Ikaitwa The Retreat, maana yake mahali pa utulivu. Jina hilo lilitoka kwa mkwewe, Mary Maria, ili mgonjwa asibebe aibu ya neno wazimu.

Msimamizi wa kwanza alifariki muda mfupi baada ya kufunguliwa. Tuke, muuza chai, alishika usimamizi mwenyewe mpaka George Jepson alipoajiriwa mwaka 1797.

Sasa tazama mambo madogo waliyoyajali. Nondo za madirisha zilitengenezwa zifanane na fremu za kawaida, ili mgonjwa asijione yuko gerezani. Komeo za milango zilifunikwa ngozi zisipige kelele. Kulikuwa na bustani ya kutembea, na sungura na kuku wa kutunza. Wanawake walishona, wanaume walilima. Siku nyingine wagonjwa walialikwa chai, wakavaa nguo zao nzuri na kuketi kama wageni wa heshima.

Daktari aliyekuwa akitembelea nyumba hiyo, Thomas Fowler, alijaribu kuwatoa damu na kuwaharisha kama ilivyokuwa desturi. Alipoona haisaidii, aliacha. Jepson naye aligundua kwamba mgonjwa mwenye fujo usiku akilishwa chakula cha kutosha jioni hulala vizuri, wakati kwingine wagonjwa wa namna hiyo walinyimwa chakula. Minyororo na fimbo havikuwapo kabisa. Kumfunga mgonjwa hakukukoma moja kwa moja, lakini kulifanywa kwa nadra, kwa usalama wake na wa wenzake.

Mwaka 1813 mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika kitabu kuhusu nyumba hiyo. Daktari wa ile hospitali alikofia Hannah alijiona ameshambuliwa, akajibu gazetini. Wakati huohuo hakimu aitwaye Godfrey Higgins alileta malalamiko kuhusu mgonjwa aliyempeleka huko. Wananchi kadhaa, wakiwamo wa familia ya Tuke, walichanga pauni 20 kila mmoja, kiasi kilichompa mtu haki ya kuingia kwenye bodi ya hospitali hiyo. Desemba mwaka huo jengo likashika moto na wagonjwa wakafa.

Mwaka 1814 Higgins alikuwa akikagua, akafika kwenye mlango uliofungwa. Wahudumu walisitasita na kusema ufunguo haupatikani. Alipotishia kuuvunja, ufunguo ukapatikana. Ndani kulikuwa na vyumba vidogo vyenye nyasi na kinyesi, walimolazwa wagonjwa wanawake. Uongozi ulibadilishwa, na mwaka 1815 habari hizo zilifika mbele ya kamati ya Bunge. Tuke alipofuka macho uzeeni, lakini aliishi kuona mlango ule ukifunguliwa. Alifariki mwaka 1822 akiwa na miaka 90.

Ninayo sababu ya kukusimulia haya. Miaka kadhaa iliyopita nilisaini barua ya kumpeleka kijana mmoja katika kituo cha binafsi. Mama yake aliniambia kwa wasiwasi kwamba kituo kinakataza ndugu kumwona mgonjwa miezi mitatu ya mwanzo, eti ili atulie. Nilimwambia avumilie, wanajua kazi yao. Siku alipomwona, mwanawe alikuwa amekonda, na mikononi alikuwa na alama za kamba. Mimi sikuwa nimewahi kukanyaga kituo kile. Yule mama alikuwa ameuliza swali sahihi, na mimi daktari ndiye niliyemnyamazisha.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa chochote, nenda ukaone. Omba kuonyeshwa mahali wanapolala na choo, si ofisi na sebule tu. Uliza wanakula nini jioni, mchana wanafanya nini, usiku nani yuko zamu. Uliza mgonjwa akichafuka wanafanya nini, na kama kumfunga kunaandikwa na nani anakuruhusu. Uliza ni mtaalamu gani anayemwona na dawa zake anapewa na nani. Kisha rudi siku nyingine bila kutoa taarifa. Kituo kinaweza kupanga saa za kutembelea, hilo ni sawa. Kikikufungia mlango kwa wiki na miezi, mwondoe.

Usifikiri pia kwamba upole peke yake unatosha. Tuke hakuwa na dawa tulizo nazo leo. Kituo kinachoachisha dawa za hospitali kwa ahadi ya maombi au mitishamba kinamhatarisha mgonjwa wako, hata kama wahudumu wake ni wakarimu.

Nawe unayeugua, ukiwa na nafuu waambie ndugu zako ungependa kutunzwa wapi na nani awe anakuja kukuona. Unayo haki ya kusikilizwa. Hannah Mills hakupata mtu wa kumsikiliza. Wewe mchague wako mapema.