Msiri, mutoto wa Unyamwezi aliyetawala shaba ya Katanga

LIKASI – Mutu akitoka Likasi na kuelekea kaskazini, anafika Bunkeya. Wengi wanapita pale bila kusimama. Lakini mbele ya reli, na mbele Union Minière ianzishwe mwaka wa 1906, Bunkeya ndiyo ilikuwa makao ya mufalme aliyepokea kodi ya shaba ya inchi yetu. Huyo ni Msiri.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 huko Unyamwezi, upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Jina lake la utoto lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mufanyabiashara mwenye kuzoea kufika Katanga kununua shaba. Mutoto alifuata njia ya baba, ila yeye hakurudia nyumbani. Alikuja na watu wachache wenye bunduki, na kidogo kidogo mugeni akawa mukubwa kuliko machifu waliomupokea. Watu wake ndio Bayeke.

Bunduki peke yake haikumufikisha pale. Msiri alitawala kwa ndoa: wake zake walihesabiwa kwa mamia, wametoka katika koo mbalimbali, na kupitia wao alijua mambo ya vijiji vya mbali. Mumoja, Maria de Fonseca, alitoka katika familia ya wafanyabiashara Wareno na Waafrika wa Angola. Hivyo biashara yake ilifika bahari mbili: Benguela upande wa magharibi, na pwani ya Zanzibar upande wa mashariki. Aliuza shaba, chumvi na pembe za tembo. Aliuza na watu pia, jambo lenye wanaomusifu hawapendi kugusa. Mwaka wa 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kumuasi.

Wakati huo wazungu walikuwa wanagombania Katanga. Alfred Sharpe alikuja mwaka wa 1890 kwa ajili ya Waingereza. Msiri alikataa mukataba wake. Tarehe 14 Desemba 1891 akafika kapiteni William Stairs, Mukanada aliyetumwa kwa faida ya Leopold wa Pili, mufalme wa Wabeleji. Msiri alikataa bendera yake vilevile. Tarehe 20, Omer Bodson, ofisa Mubeleji, alimupiga risasi. Bodson naye alipigwa risasi palepale, akafa. Kisha kichwa cha Msiri kilikatwa.

Mutoto wake Mukanda-Bantu alikubali utawala wa wazungu, na ndiyo sababu ukoo ulibakia na kiti chake. Jina Mwenda limepita kutoka kwa mufalme mumoja mupaka kwa mwingine. Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga wakati wa kujitenga, alikikalia kiti hicho kuanzia 1976 mupaka kifo chake mwaka wa 1992.

Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumukumbuka. Mwili wake ulizikwa pale. Kichwa, mupaka leo familia haijarudishiwa.