Semei Kakungulu: Mkimbizi Aliyejenga Mbale



Katika familia nyingi hapa makazini wazee wameanza kuandika majina ya mababu kwenye daftari, ili watoto waliozaliwa ugenini wajue wametoka kwa nani. Ni kazi njema. Tukiifanya, tumkumbuke mtu mmoja aliyefika upande huu wa Uganda naye akiwa mgeni. Kila anayepanda gari kutoka Busitema kupitia Tororo hadi Mbale anafika katika mji ulioanza na boma lake.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Koki, kusini-magharibi mwa Buganda. Wakati huo Koki ilikuwa na mtawala wake, haijawa sehemu ya Buganda. Yeye alijihesabu kuwa wa ukoo wa Mamba. Kwa Kiganda huyu si yule mnyama wa mtoni, bali ni samaki tunayemwita kamongo. Akiwa kijana alikwenda Buganda. Alisifika kwa kuwinda tembo na kwa kutumia bunduki, akajifunza kusoma kwa wamisionari Waprotestanti, akabatizwa.

Mwaka 1888 vita vya dini viliingia Buganda. Kabaka Mwanga aliondolewa, na muda mfupi baadaye Wakristo wakafukuzwa mji mkuu. Walikimbilia Kabula, katika nchi ya Ankole, na Kakungulu alikuwa miongoni mwao. Basi mtu huyu alijua maana ya kuacha nyumba usiku na kuishi kwa hisani ya wenyeji. Mwaka uliofuata wakimbizi hao walirudi kwa vita, na kufikia mwaka 1890 walikuwa wameshinda. Kakungulu akawa mkuu wa vita mwenye jina kubwa, akaoa katika ukoo wa kifalme. Lakini pale Buganda Katikiro Apolo Kagwa alikuwa amemtangulia, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akageuza uso wake mashariki.

Mwezi wa Aprili 1899 alishiriki katika kuwakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Wafalme hao walipelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja kabla ya kufika kwao.

Baada ya hapo Kakungulu aliingia Bukedi pamoja na wafuasi wake, wengi wao wakiwa Waganda wenye bunduki. Walijenga maboma, makao yao makuu yakawa Budaka, na wakagawana nchi kana kwamba haina wenyewe. Lakini ilikuwa nayo. Wagwere, Wagisu, Iteso, Japadhola na wengine walikuwa wakilima na kuchunga hapo tangu zamani. Kwa wengi wao jina la Mganda likawa jina la kodi, kazi ya lazima na ng'ombe waliochukuliwa. Mtu aliyewahi kukimbia bunduki sasa aliwafanya wengine wakimbie.

Serikali ya Waingereza ilimtumia, kwa kuwa hakuwagharimu sana. Kakungulu alitumaini kwamba wangemfanya mfalme wa nchi alizoshika. Badala yake, mwaka 1902 aliondolewa Budaka na kupewa eneo la maili za mraba 20 huko Mbale, yeye na watu wake. Hakukata tamaa. Walilima migomba, wakatengeneza barabara, soko likachangamka, na mahali palipokuwa na watu wachache pakawa mji. Mji ulipokua, serikali ilihamia hapo na mamlaka yake yakazidi kupungua. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu, akakaa huko hadi mwaka 1913, kisha akarudi Mbale. Ufalme alioutumainia hakuupata.

Katika uchungu huo alizidi kusoma Maandiko, hasa vitabu vya Musa. Kwanza alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 aliamua kushika sheria ya Musa yote, akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale.

Sisi tuliobaki katika imani ya Kristo hatukumfuata katika njia hiyo. Hata hivyo hatuwezi kukana kwamba Abayudaya walivumilia. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kuomba kwa siri. Baada ya mwaka 1979 walikusanyika tena, na hadi leo wana sinagogi yao katika kilima cha Nabugoye. Huo ni uzao mmoja wa Kakungulu, uzao wa imani. Uzao mwingine ni familia za wale waliokuja naye, zilizooana na wenyeji kwa vizazi kadhaa. Na katika makanisa mengi ya mashariki mwa Uganda watu walisoma Biblia ya Kiganda kwa miaka mingi, kwa sababu lugha hiyo ilikuja na watu kama hao.

Kwa nini tumesimulia haya? Wengi wetu tulivuka mpaka Busia na Malaba mwanzoni mwa mwaka 2008. Tulipokelewa Mulanda, Tororo, katika nchi ya Japadhola, watu ambao mababu zao waliwahi kutawaliwa na wageni. Wangeweza kutuogopa. Walitupa nafasi.

Basi tunapoandika daftari za ukoo, tusiandike tu majina ya waliozaa na waliozaliwa. Mathayo, alipopanga ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Ruthu Mmoabu, ambaye alikuwa mgeni, wala hakulificha kosa la Daudi juu ya mke wa Uria. Nasi tuandike nani alitupokea, shamba tunalolima lilikuwa la nani kabla yetu, na kama kuna mtu wa kwetu aliyemwondoa mwenzake mahali pake. Wajukuu wetu watakaporudi nyumbani, au watakapobaki hapa, watahitaji kuyajua hayo kuliko wanavyohitaji kusikia kwamba babu yao alikuwa shujaa.