Fausto Coppi: Bingwa wa baiskeli aliyeponzwa na safari ya Desemba

KWA kijana wa Munuki, Juba, anayependa mbio za baiskeli, adui wa mazoezi ni mvua. Ikishaanza Aprili hadi Oktoba, njia za udongo hugeuka tope na baiskeli huegeshwa ukutani. Ulaya mambo ni tofauti. Kule kinachowafungia waendesha baiskeli ndani ni baridi ya kuanzia Novemba, theluji ikiwa imefunika milima, nao hulazimika kutafuta namna ya kulinda pumzi na miguu hadi mashindano makubwa yarejee Machi.

Ni wachache walioitumia miezi hiyo vizuri kama Muitaliano Fausto Coppi. Na ndiyo miezi iliyomuua, kwa ugonjwa ambao Munuki hata mtoto wa shule ya msingi anaufahamu kwa jina.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini magharibi mwa Italia, kwenye familia ya wakulima. Aliacha shule akiwa na miaka 13 hivi, akaenda kufanya kazi katika bucha moja mjini Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Kwa kuwa kijiji chao kipo juu vilimani, kila alipokwenda nyumbani alipanda mlima. Fedha za kununulia baiskeli ya mashindano alipewa na ami yake aliyekuwa baharia.

Ni Novi Ligure alikokutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa misuli aliyekuwa kipofu. Ilisemekana mzee huyo aliweza kumjua mshindi wa kesho kwa kumpapasa mapaja tu. Vijana wake aliwalea kama askari: kulala mapema, kuamka alfajiri, kula kwa kipimo, na baridi haikuwa sababu ya kubaki kitandani.

Mwaka 1940, akiwa na miaka 20 tu, Coppi alisajiliwa na timu ya Legnano ili amsaidie nyota wao, Gino Bartali, katika mashindano ya kuzunguka Italia, Giro d'Italia. Bartali akaanguka, na yule msaidizi akatwaa ubingwa. Uhasama wa wawili hao uliigawa Italia nzima. Bartali mwenyewe alikuja kusimulia jinsi alivyokuwa akipekua chumba cha hoteli cha mwenzake ili ajue alikuwa anameza nini.

Alichokuwa anameza hakikuwa siri kubwa. Wakati wengi waliamini nguvu ya mwendesha baiskeli inatoka kwenye nyama iliyoliwa alfajiri, Coppi alitilia mkazo vyakula vya wanga na mboga. Ni kweli pia kwamba alikiri kutumia vidonge vya kusisimua mwili, ambavyo wakati huo havikuwa vimepigwa marufuku. Hilo nalo lisifichwe.

Msimu wa barabarani ulipokwisha hakulala. Alihamia kwenye viwanja vya kuzunguka, ambako mashindano ya baiskeli yaliendelea ndani ya kumbi hata nje kukiwa na barafu. Ubora wake huko ulimpa ubingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana mwaka 1947 na 1949.

Hata rekodi yake maarufu aliiweka wakati wenzake wakiwa mapumzikoni. Novemba 7, 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Milan ikishambuliwa kwa mabomu, aliingia uwanja wa Vigorelli na kuendesha kilomita 45.798 kwa saa moja. Ilimchukua Mfaransa Jacques Anquetil hadi mwaka 1956 kuivunja.

Baada ya hapo yakaja mapumziko ambayo hakuyataka. Jeshi lilimpeleka Afrika Kaskazini, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza nchini Tunisia. Alikaa mateka hadi mwaka 1945. Mwanamichezo aliyepoteza miaka kama hiyo akiwa na umri wa miaka 23 hadi 25, ule ambao mwili ndio kwanza unakomaa, wengi wangemwandika kuwa amekwisha.

Alitumia majira ya baridi ya 1945 na 1946 kujijenga upya. Machi 19, 1946 yalifanyika mashindano ya Milan hadi San Remo, kiasi cha kilomita 290, ambayo enzi hizo ndiyo yaliyofungua msimu na kuonyesha nani alifanya kazi kwenye baridi na nani alikuwa anaota moto. Coppi alitoka na kundi la mbele mapema asubuhi, akawaacha mmoja mmoja, na kufika San Remo peke yake. Aliyefuata, Mfaransa Lucien Teisseire, alimaliza dakika 14 baadaye. Dakika 14! Siku hizi mashindano hayo huamuliwa kwa sekunde.

Yaliyofuata yanajulikana. Alitwaa Giro d'Italia mara 5 na Tour de France mara 2, na mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kuyashinda yote mawili kwa mwaka mmoja. Mwaka 1953 akawa bingwa wa dunia wa barabarani.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mdogo wake, Serse, naye mwendesha baiskeli, alikufa mwaka 1951 baada ya kuanguka mashindanoni. Kisha Coppi akamwacha mkewe kwa ajili ya Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja, na mwaka 1955 wawili hao wakahukumiwa kwa kosa la uzinzi.

Kufikia mwaka 1959 miguu ilikuwa imechoka. Alikuwa na miaka 40, lakini alikuwa amekubali kuchezea timu ya San Pellegrino mwaka unaofuata, chini ya uongozi wa Bartali yuleyule. Basi Desemba ukaja mwaliko wa Maurice Yaméogo, kiongozi wa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Coppi, Anquetil, Raphaël Géminiani na wenzao kadhaa waliombwa waende Ouagadougou kushindana na wenyeji, kisha wakawinde.

Kwa mtu anayekimbia baridi ya Italia, safari hiyo ilikuwa neema. Desemba 13 walishindana, Anquetil akawa wa kwanza na Coppi wa pili. Kisha wakaenda porini. Desemba ni kiangazi kule kama ilivyo Juba, na mgeni hudhani mbu nao wamekwenda likizo. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na Géminiani hakusahau mlio wa mbu wa usiku ule.

Siku chache baada ya Krismasi, wote wawili walishikwa na homa kali, mmoja Italia na mwingine Ufaransa. Damu ya Géminiani ilipelekwa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, ikaonekana ana malaria ya falsiparamu, ile inayoziba mishipa midogo ya ubongo na figo. Akapewa kwinini. Alipoteza fahamu kwa siku kadhaa, kisha akazinduka.

Coppi alitibiwa kama mgonjwa wa mafua makali na nimonia. Familia ya Géminiani ilipiga simu Italia kueleza kilichopatikana Paris, lakini madaktari waliona wanaujua ugonjwa wanaoutibu. Aliendelea kupewa antibiotiki na kotisoni. Hii ilikuwa Italia, nchi ambayo lugha yake ndiyo iliyoipa malaria jina, maana yake hewa mbaya, na ambayo mwanasayansi wake Giovanni Battista Grassi alithibitisha mwaka 1898 kwamba mbu wa anofelesi ndiye huambukiza binadamu. Kwinini ilikuwa dawa ya kawaida kabisa.

Asubuhi ya Januari 2, 1960, saa 2:45, Coppi alifariki dunia hospitalini katika mji wa Tortona.

Mwaka 2002 ulizuka uvumi kwamba alilishwa sumu Afrika. Waendesha mashtaka wa Tortona walichunguza na kuutupilia mbali. Tangu mwaka 1965 mlima mrefu kuliko yote katika kila Giro huitwa kwa jina lake, Cima Coppi. Yeye amezikwa Castellania, kando ya Serse.

Géminiani aliishi hadi Julai 2024, akafariki akiwa na umri wa miaka 99.